Muulize Mjomba: Dundee ilivyompiga chini Churchill, halafu ikatuletea waziri wa karanga

Toleo lililopita nilijibu swali la bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya nini hasa, nikasema ni mradi wa karanga wa Waingereza, na kwa kupita tu nikagusia kwamba waziri aliyeusimamia, John Strachey, alikuwa mbunge wa Dundee kule Scotland, jimbo ambalo kabla yake lilishamwangusha Churchill na sasa hivi halipo tena. Basi hako kasentensi kamoja ndo kameleta barua kuliko ile stori yote ya bandari. Nimechagua hizi, zingine zinauliza yaleyale.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Sisi ni bodaboda kijiwe cha Chikongola hapa Mtwara mjini. Kuna mwenzetu anabisha kwamba Churchill hajawahi kushindwa kwenye jimbo maisha yake yote, chama chake tu ndo kilishindwa 1945 akaukosa uwaziri mkuu, mtu mkubwa vile nani angemnyima kura. Wewe umeandika Dundee walimnyima. Ilikuwaje, alishindwa na nani, kwa kura ngapi? Kuna soda hapa zinasubiri jibu lako.

MJOMBA: Marahaba wapwa zangu. Mwambieni huyo bwana aanze kutoa hela. Churchill kashindwa kwenye jimbo mara 5: Oldham 1899, Manchester 1908, Dundee 1922, Leicester 1923 na Westminster 1924, hiyo ya mwisho kwa kura 43 tu. Ila cha Dundee ndo kipigo chenyewe maana pale hakuwa mgeni, alikuwa na miaka 14 kitini.

Tuanzie nyuma kidogo. Dundee ni mji wa bandari mashariki mwa Scotland. Mpaka 1832 ulikuwa unachangia mbunge mmoja na miji mingine minne, mageuzi ya mwaka huo yakaupa mbunge wake wenyewe. Wa kwanza kuchaguliwa, George Kinloch, aliwahi kukimbilia Ufaransa mwaka 1819 akikwepa kesi ya uchochezi, kisa alihutubia mkutano wa watu wanaodai haki ya kura, kwahiyo mji ule ulikuwa na kichwa kigumu tangu siku ya kwanza. Mwaka 1868 ukaongezewa mbunge wa pili, ila hawakuugawa. Likabaki jimbo moja lenye wabunge wawili na kila mpiga kura ana kura mbili. Hilo lishikeni, ndo litamuua Churchill huko mbele.

Mji wenyewe uliishi kwa juti. Haya magunia ya juti tunayofungia korosho, ambayo kila msimu tunagombana kwanini yamechelewa, siku hizi yanatoka Bangladesh na India, ila enzi hizo makao makuu ya gunia duniani yalikuwa Dundee. Juti inasafirishwa kwa meli kutoka Bengal, inalainishwa kwa mafuta ya nyangumi (walikuwa na meli zao za kuwinda nyangumi), inasokotwa, inafumwa. Waliofanya kazi hiyo wengi wao wanawake maana walilipwa kidogo kuliko wanaume, na wanaume wengi wakabaki nyumbani bila kazi, wakalea watoto, wakabandikwa jina la wachemsha birika. Sasa pata picha, mji ambao mama ndo analeta ujira nyumbani na kura hana.

Churchill aliingia pale kwa mlango wa dharura. Aprili 1908 aliteuliwa waziri wa biashara, na sheria ya wakati ule ilisema mbunge akipewa uwaziri lazima arudi jimboni akaombe kura upya, akarudi Manchester wakamkataa. Chama chake cha Liberal kikamtafutia kiti salama haraka haraka, mbunge mmoja wa Dundee akapandishwa kwenda Baraza la Malodi ili nafasi ipatikane. Hata huko mambo ya kupishana viti yapo, msidhani ni huku tu. Mei 1908 akashinda kwa kura 7,079, wa Conservative akapata 4,370, wa Labour 4,014, na mkiani kabisa jamaa mmoja anaitwa Edwin Scrymgeour, kura 655.

Kampeni ile haikuwa lelemama. Mwanamama mmoja wa harakati za kura kwa wanawake, Mary Maloney, alikuwa anamfuata kila mkutano na kengele kubwa, Churchill akifungua mdomo tu yeye anagonga. Pamoja na hayo bwana mkubwa aliandika barua kwao akisema amepata kiti cha maisha, tena cha bei rahisi. Kiti cha maisha! Barua nyingine aliyomwandikia mkewe analalamika hotelini Dundee ameshakula nusu ya samaki wa moshi akatoka funza mkubwa. Pale feri ya Mtwara muuzaji angetafutwa siku hiyohiyo.

Sasa huyu Scrymgeour. Mzaliwa wa Dundee, diwani, mlokole wa kweli kweli, na chama chake kilikuwa na ajenda moja kubwa: pombe ipigwe marufuku nchi nzima. Angekuja huku kwetu msimu wa mabibo, uraka umepamba moto, sijui angeanzia kijiji gani. Watu walimcheka, yeye anarudi tu. Aligombea 1908, akagombea 1910 mara mbili maana mwaka ule kulikuwa na chaguzi kuu mbili, akagombea 1917 Churchill alipopewa uwaziri wa silaha na kulazimika kuomba kura tena, hapo akapata 2,036 dhidi ya 7,302. Akagombea 1918, akafika 10,423. Ukiangalia hizo namba zinavyopanda unaona kabisa kitu kinakuja, ila ukiwa waziri London huangalii namba za mtu wa mwisho.

Mwaka 1918 sheria ikabadilika, wanaume wote wa miaka 21 na wanawake wengi wa miaka 30 kwenda juu wakapata kura. Daftari la Dundee likafura. Wale wasokota juti ambao Churchill alizoea kuwapita wakielekea kiwandani sasa ndo mabosi wake.

Halafu ikaja 1922 na kila kitu kikaharibika kwa pamoja. Biashara ya juti ilianguka baada ya vita, maelfu wako mtaani hawana kazi. Mjini kulikuwa na watu wengi wenye asili ya Ireland, na wao hawakusahau kwamba serikali aliyokuwemo Churchill ndo iliwapelekea ndugu zao askari walioitwa Black and Tans, waliochoma nyumba na kuua raia. Magazeti makubwa mawili ya mji yalikuwa ya tajiri mmoja, D. C. Thomson, naye na Churchill haziivi. Na katikati ya hayo yote Churchill mwenyewe akapasuliwa kidole tumbo Oktoba, kwahiyo kampeni karibu yote alifanya mkewe Clementine, ana mtoto mchanga wa miezi miwili mkononi, kavaa lulu zake kwenye mji wenye njaa, watu wakamtemea mate. Mimi sishabikii kumtemea mtu mate ila ile lulu nani alimshauri? Churchill akafika siku za mwisho mwisho akiwa anabebwa kwenye kiti, akajaribu kuhutubia, ukumbi ukamzomea mpaka akaacha.

Tarehe 15 Novemba 1922 kura zikasoma hivi: Scrymgeour 32,578, E. D. Morel wa Labour 30,292, hao wawili ndo wabunge. Wa tatu Macdonald, mwenzake Churchill kwenye tiketi moja, 22,244. Churchill 20,466, nafasi ya nne. Akafuatiwa na Mliberali wa upande wa pili, maana chama kilishapasuka, 6,681 na mkomunisti Gallacher 5,906. Kwahiyo mtu wa pombe marufuku, yule wa kura 655, alimzidi Churchill kwa kura 12,112. Mpaka leo chama cha Scrymgeour hakijawahi kupata mbunge mwingine zaidi yake.

Hapo ndo ile kura mbili ilifanya kazi. Labour walisimamisha mtu mmoja tu, Morel, wakaacha kura ya pili ya wafuasi wao ielee, na ikaelea kwa Scrymgeour kwa sababu mbali na pombe yule mzee alikuwa msoshalisti, alipigania wasio na kazi mtaa kwa mtaa. Ingekuwa jimbo la mbunge mmoja pengine wangegawana kura wao kwa wao.

Na huyo Morel naye si wa kupita hivihivi. Ndo yule karani wa kampuni ya meli aliyegundua kwamba meli zinazokwenda Kongo ya Mfalme Leopold zinabeba bunduki na risasi, zinarudi na mpira na pembe za ndovu, akajiuliza biashara gani hii hailipi kitu, akagundua ni utumwa. Mwaka 1904 akaanzisha chama cha kutetea watu wa Kongo, na kelele zake zilisaidia sana Leopold kunyang'anywa ile nchi. Lakini msimpake mafuta sana. Huyohuyo mwaka 1920 aliandika makala za kibaguzi za aibu kuhusu askari weusi wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Mtu mmoja, kalamu moja.

Kitu ambacho mimi nakipenda kwenye stori hii wala hakimo kwenye simulizi nyingi za Churchill. Tangu Februari 1921 mpaka Oktoba 1922 alikuwa waziri wa makoloni. Tanganyika ilipokabidhiwa rasmi kwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa tarehe 20 Julai 1922, mkubwa wetu wa London alikuwa ni mbunge wa Dundee. Miezi minne tu baadae wasokota juti wakampiga chini, na si kwa ajili yetu, Lindi na Mtwara hatukuwemo hata kwenye tetesi za kampeni.

Baada ya hapo hakurudi Dundee kuomba kitu. Mwaka 1943, yupo waziri mkuu, vita imepamba moto, baraza la mji likapiga kura kumpa heshima ya mji, ikapita kwa tofauti ya kura moja, naye akaikataa. Miaka 21 bado ina kinyongo.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mimi ni mwalimu wa uraia hapa Lindi, Mtanda. Hiyo habari ya kila mtu kura mbili imenichanganya, inafanana na ile "kura tatu" ya Tanganyika tunayofundisha? Na kwanini Waingereza waliiacha?

MJOMBA: Marahaba mwalimu. Zinafanana kwa nje tu.

Dundee ulipewa kura mbili za kugawa utakavyo. Unaweza kumpa mmoja Liberal na mwingine Labour, unaweza kutumia moja tu ukaiacha ya pili, kitu pekee usichoweza ni kumpa mtu mmoja zote mbili. Wawili wa juu wanaingia, basi. Ndo maana vyama vilikuwa vinafanya hesabu za kuungana. Ukitaka mfano mzuri zaidi ya ule wa 1922 angalia 1931: uchumi wa dunia umeanguka, imeundwa serikali ya pamoja, Conservative wakamsimamisha Florence Horsbrugh na Liberal wakamsimamisha Dingle Foot, kila upande ukawaambia watu wake kura ya pili mpeni mwenzetu, wakaingia wote wawili na Scrymgeour akatoka baada ya miaka 9. Muswada wake wa kupiga marufuku pombe aliupeleka bungeni akiwa mbunge, ukaangushwa vibaya. Horsbrugh huyo baadae akawa mwanamke wa kwanza wa Conservative kuingia baraza la mawaziri. Na Dundee ndo ilimpa ubunge, mji uleule wa kengele ya Mary Maloney.

Kura tatu yetu ya 1958 na 1959 ilikuwa ya rangi. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mzungu na cha Mwasia, na mpiga kura alilazimishwa kuchagua kote kutatu, ukiacha kimoja karatasi yako imeharibika. Kuandikishwa kwenyewe mpaka uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika. Wanafunzi wako waambie wahesabu ni wangapi Lindi ya wakati ule walikuwa na pauni 150. TANU walikaa Tabora Januari 1958 wakagombana sana, Nyerere akawashawishi waingie kwenye uchaguzi hivyohivyo, wakawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokuwa upande wao, wakazoa. Yaani ule mtego walioutega Waingereza, TANU waliufanyia hesabu kama za wale Labour wa Dundee za kura ya pili. Sisemi waliiga, nasema hesabu ni ileile.

Majimbo ya wabunge wawili Uingereza yalifutwa kwa sheria ya 1948 na yakaisha kwenye uchaguzi wa Februari 1950. Dundee ikakatwa vipande viwili, Dundee Mashariki na Dundee Magharibi.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Nachingwea. Marehemu baba alifanya kazi ya kung'oa visiki kwenye karanga na mimi nilikuwa mdogo nikimpelekea chakula. Nataka kujua jambo moja tu. Huyo waziri Strachey pesa zilipopotea, watu wake wa jimboni walimfanya nini?

MJOMBA: Shikamoo mzee wangu. Jibu fupi ni kwamba hawakumfanya kitu, walimrudisha. Ila nikiishia hapo nitakuwa sijakutendea haki.

John Strachey alitoka familia ya wakubwa, akawa mbunge wa Birmingham 1929, akapotea na chama cha Mosley kwa muda mfupi akakikimbia kilipoanza kuelekea ufashisti, miaka ya 1930 akawa mwandishi maarufu wa mrengo wa kushoto. Mwaka 1945 Dundee ilichagua Labour wawili kwa mpigo, yeye na Thomas Cook, wakawatoa Horsbrugh na Foot. Mei 1946 akapewa wizara ya chakula, na hiyo wizara ilikuwa kaa la moto. Uingereza imeshinda vita lakini haina mafuta ya kupikia, haina siagi ya kutosha. Julai 1946 Strachey akaweka mgao wa mkate, kitu ambacho hata Hitler akiwa anawarushia mabomu hakikufanyika, ukaendelea mpaka Julai 1948. Kina mama walimchukia. Kwahiyo alipoletewa andiko linasema Tanganyika kuna pori kubwa, ukilifyeka ukapanda karanga utapata mafuta ya kulisha nchi nzima, alilikumbatia.

Andiko lilisema ekari zaidi ya milioni 3, kwa pauni zipatazo milioni 25. Wakaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na huku kwenu Nachingwea. Kongwa udongo wa mfinyanzi, kiangazi unakuwa mgumu trekta linakwaruza tu, mvua yenyewe ya kubahatisha, matrekta mengi ni mabaki ya vita, vipuri hakuna. Walileta hata vifaru vya jeshi wakavigeuza matrekta. Huku kusini mvua ilikuwa nzuri zaidi ila hakukuwa na bandari wala reli, ikabidi vijengwe kwanza, ndo ikaja ile reli ya kutoka pwani kwenda Nachingwea na bandari ya kina kirefu ya Mtwara, na mji wa Mtwara wenyewe ukachorwa na barabara zake pana zile tunazojivunia. Baba yako akang'oa visiki kabla meli ya kubeba karanga haijapata pa kutia nanga. Bandari imekamilika 1954, mradi ulishafungwa. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuachana nao na kufuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36.

Bungeni Conservative walimkaanga Strachey kweli, walitaka ajiuzulu. Waziri mkuu Attlee akambeba. Baada ya uchaguzi wa Februari 1950 akamhamishia wizara ya vita. Na kwenye uchaguzi huohuo Dundee Magharibi wakamchagua Strachey, na wakaendelea kumchagua mpaka alipofariki akiwa bado mbunge wao Julai 1963.

Kwanini? Mzee wangu mimi naona hivi. Mwaka 1922 Churchill aliwaletea Dundee njaa yao wenyewe, kazi zao wenyewe, na maiti za ndugu zao wa Ireland. Karanga hazikuwa zao. Waliotoka jasho ni ninyi, aliyelipa ni mlipa kodi wa nchi nzima, na kodi ikigawanywa kwa watu wote hakuna anayeiona sahani yake imepungua. Kwao Strachey alikuwa wa Labour, Labour ilileta hospitali za bure na juti ilikuwa inalindwa na serikali, wakapiga kura kwa hayo. Siwalaumu hata kidogo, mpiga kura ana haki ya kuangalia sufuria lake. Tatizo ni sisi tuliokuwa ndani ya sufuria la mtu mwingine bila karatasi ya kura, na tumekaa hivyo toka 1922 mpaka 1958.

Tena sikiliza hii. Yule mwenzake Strachey, Thomas Cook, baada ya 1950 akawa mbunge wa Dundee Mashariki, na kuanzia mwaka huo mpaka 1951 alikuwa naibu waziri wa makoloni. Mradi wa karanga ulipovunjwa 1951 mabaki yake yalihamishiwa wizara ya makoloni. Yaani karanga zimetoka wizara iliyokuwa ya mbunge wa Dundee zikaenda kufia wizara yenye naibu wa Dundee. Ukijumlisha na Churchill wa 1922, mji mmoja wa wafuma magunia umetoa wakubwa watatu wa kuamua mambo ya huku, na nina uhakika wengi wao waliokuwa wanapanga foleni kupiga kura wasingeweza kukuonyesha Nachingwea kwenye ramani.

Reli waliifunga mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma vikang'olewa, hilo unalijua kuliko mimi. Nachingwea ikapata kazi nyingine, wapigania uhuru wa FRELIMO wakafanya mafunzo hapo. Bandari tunayo, na korosho zinapita humo. Karanga za kuuza London hazijawahi kufika kwa hesabu waliyoiandika.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Niko Masasi. Mtoto wa dada yangu amepata nafasi kusoma chuo kikuu hukohuko Dundee, anaondoka Septemba. Nilipoona jina nikashtuka. Je hilo jimbo sasa linaitwaje, na yeye kama Mtanzania akiwa kule anaruhusiwa kupiga kura au aangalie tu?

MJOMBA: Nzuri dada. Hongereni sana.

Jimbo la Dundee la wabunge wawili ndo liliisha 1950. Zile Mashariki na Magharibi nazo zimefutwa kwenye uchaguzi wa 2024 mipaka ilipochorwa upya, sasa kuna Dundee Central, na upande mwingine wa mji umeunganishwa na Arbroath. Labour waliotamba kule miaka mingi walishang'olewa na SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge. Kwenye kura ya maoni ya 2014 Dundee ilisema ndio kwa asilimia 57, nchi nzima ikasema hapana. Na 2024 SNP walikishika Dundee Central kwa kura 675 tu, kwahiyo kura moja kule siku hizi ina uzito.

Kupiga kura anaruhusiwa. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na Tanzania tumo, akiwa anaishi Uingereza kihalali kwa visa yake hata ya masomo, anaweza kujiandikisha na kumchagua mbunge wa London, awe ametimiza miaka 18. Bunge la Scotland na madiwani ni kuanzia miaka 16. Wanafunzi wengi wa huku hawajui wanakaa miaka mitatu bila kujiandikisha. Mwambie akishapata anwani ya anapokaa aingie kwenye tovuti ya serikali ajaze fomu, haichukui muda, na kwenye uchaguzi wa wabunge wa London asisahau kwenda kituoni na kitambulisho chenye picha, pasipoti yake ya Tanzania inakubalika.

Na abebe koti zito, Septemba kule baridi imeshaanza.